Mama Tochi hanunui maneno, hulala chini ya gari

Saa tatu asubuhi, kwenye yadi ya magari yaliyotumika, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli anatandika gunia juu ya kokoto, anajilaza chali na kujisukuma chini ya gari la kijani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Vinabaki nje viatu vyake tu.

Pembeni wamesimama wateja wake, ndugu wawili wanaokusanya maziwa kwa wafugaji wa milimani. Mkubwa kafunga mikono kifuani. Mdogo haliachi gari, mara auguse mlango, mara aufute vumbi kwa kiganja, kama mtu aliyekwisha kulinunua.

"Hili halijawahi kusumbuliwa," anasema muuzaji, mwanamume wa viatu vyeupe na maneno mengi. "Mwenyewe alikuwa daktari. Nyumbani na kazini, basi."

Sauti inamjibu kutoka chini: "Daktari huyo alikuwa anatibu mamba? Mbona tope limejaa mpaka ndani ya chasisi?"

Ndugu mdogo anacheka. Muuzaji hacheki.

Hapa mjini wanamwita Mama Tochi, kwa sababu ya tochi anayoifunga kichwani. Kazi yake ni kukagua magari ya mitumba kwa niaba ya wanunuzi. Ujira wa gari moja humlisha yeye na watu wake siku tatu, siku nne akijibana, na ziko wiki zisizo na gari hata moja.

Leo ameanza kukasirika kabla hajalala chini. Alipofika aliweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka.

"Nilikuomba nilikute limelala. Nani kaliamsha?"

"Tulilisogeza kidogo tu, mama."

Aliwageukia wateja wake. "Injini iliyochoka huficha moshi wake ikishapata moto. Ukiikuta imeshawashwa, ujue wamekutangulia kwa sababu."

Sasa tochi inamulika huku na huku. Kucha zinakwangua chuma. Halafu mwanga wa tochi unatulia mahali pamoja.

"Mama, vipi huko?" anauliza ndugu mkubwa.

Mama Tochi anatoka polepole. Anakung'uta ovaroli kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Hili gari nalijua," anasema. "Lilikuwa langu."

Miaka sita iliyopita, Mama Tochi alikuwa muuza kabichi. Mumewe alikuwa dereva wa magari ya watu, na wote wawili walichoka kugawana faida na wenye magari. Mama mkwe akauza shamba lake, akawapa fedha. "Alisema, mimi nimeshazeeka, nitalima makaburi? Nendeni mkajitegemee," anakumbuka.

Walinunua gari la kijani. Mumewe alilizunguka, akapiga teke matairi, akasikiliza injini. Pembeni ya gia kubwa palikuwa na kigia kidogo cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Akakivuta, taa ikawaka kwenye dashibodi. Wakaridhika.

Mvua za kwanza hazikuwa na shida, maana hawakupita pabaya. Mvua za pili ziliwakuta kwenye mteremko wa utelezi, mzigo umejaa. Mume alivuta kigia. Taa ikawaka. Gari likateleza kinyumenyume kama kipande cha sabuni, likabingirika korongoni. Mke aliruka. Mume alibanwa, na hospitali wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ni fundi. Ndiye aliyelivuta gari lile gereji na kufungua difu ya mbele, lile ganda la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Lilikuwa tupu. Meno yote yalikuwa yametolewa na ganda kufungwa tena, likasafishwa likang'aa.

"Taa inawaka, kigia kinaingia, propela, ule mhimili wa chini, inazunguka, na hakuna kinachofika kwenye gurudumu," anasema Mama Tochi. "Mtu alikaa chini, akafikiri, akafanya vile kwa mikono yake. Halafu akatuuzia huku anatuombea safari njema."

Siku hiyo alimwambia shemeji yake: nifundishe. Shemeji akacheka. "Shemeji, hii kazi itakuharibu mikono."

"Nikamwambia, mikono yangu imeshazika mguu wa kaka yako," anasema. "Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Akachoka kucheka."

Gari walilitoa kwa bei ya chuma chakavu, kwa sharti la mdomo kwamba litakatwa vipande.

Halikukatwa. Liko hapa yadini, limepakwa upya kijani kilekile. Amelitambua kwa kipande cha jembe. Mumewe, alipokosa chuma cha kuimarishia kibebeo cha tairi ya akiba, alikata jembe la mama yake na kulichomelea. Bado liko palepale.

"Mimi nimelinunua mnadani," muuzaji anajitetea. "Ya nyuma siyajui."

"Rangi ya chini umepaka lini? Bado inanata!"

Mama Tochi anachukua bisibisi na kukwangua chasisi nyuma ya gurudumu la mbele. Rangi nyeusi inabanduka, chini yake pati ya kuzibia, chini ya pati ufa uliochomelewa ovyo. Kisha anainua upande mmoja wa mbele kwa jeki na kumwita ndugu mdogo.

"Ingia, tia gia, vuta na hicho kidogo. Taa imewaka?"

"Imewaka."

"Haya, kaka mtu, zungusha hili gurudumu. Lingekuwa zima lingekugomea."

Ndugu mkubwa anaweka vidole viwili. Gurudumu linazunguka kama la baiskeli iliyopinduliwa.

Wanunuzi wengine wameshasogea. Muuzaji anawaita walinzi. "Mtoeni huyu! Hana hata cheti, anakuja kuchafua biashara za watu!" Mlinzi mmoja anamshika mkono, ndugu wawili wanaingia kati, na wote watatu wanatoka pamoja, Mama Tochi akipiga kelele mpaka barabarani: "Limekata mguu wa mtu hili! Msilinunue!"

Mchana huohuo alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza huku akitafuna njiti. "Mama, gari la mitumba ni gari la mitumba. Kila moja lina historia yake."

Aliporudi yadini baada ya siku mbili, gari halikuwepo. Limeuzwa. Kwa nani? Muuzaji aligeuza uso.

"Hapo ndipo nilipotaka kuchoma yadi," anasema bila kutabasamu. "Mawingu yanajikusanya, na mtu yuko barabarani na jeneza, hajui."

Mumewe, mtu mpole ambaye sasa anashona viatu barazani, aliweka sindano chini na kushika simu. Alimpigia kila dereva aliyewahi kufanya naye kazi. Aliwatajia alama: kijani, jembe chini ya tairi ya akiba. Wengine walimwona kama kachanganyikiwa. Siku ya nne mmoja akapiga: liko kwenye gulio la milimani, kwa seremala mmoja. Linabeba mbao, na siku za soko linabeba watu.

Mama Tochi alipanda huko na shemeji yake. Seremala hakutaka kusikia. "Mmetumwa na nani? Mnalitaka kwa bei ya kutupa?" Mama Tochi hakubishana naye. Aliinua gari kwa jeki, akamwachia alizungushe gurudumu mwenyewe.

Seremala alizungusha mara moja, akazungusha tena. Akakaa chini kwenye tope.

"Juzi nilipakia watoto wa shule," alisema.

Siku iliyofuata walikwenda kituoni wakiwa wengi: Mama Tochi, mumewe kwa magongo yake, seremala, na wale ndugu wawili wa maziwa. Safari hii jalada lilifunguliwa. Muuzaji ameitwa mara mbili na hajatokea. Yadi yake inaendelea na kazi kama kawaida. Gari limeegeshwa uani kwa seremala, matairi yametolewa. Huenda seremala asirudishiwe chochote, lakini gari hilo halitapakia mtu tena.

Mwandishi wa makala haya anamkuta Mama Tochi wiki hii nyuma ya gereji ya shemeji yake, akichimba. Shimo refu, upana wa kutosha mtu kusimama, limeshamfika kiunoni. Gari litaegeshwa juu yake, mnunuzi atashuka ngazi na tochi. Mumewe atakaa pale juu na sindano yake ya viatu, aeleze kipi kiangaliwe.

Akimaliza, anataka halmashauri ilazimishe kila yadi iwe na shimo kama hili, lililo wazi kwa kila mnunuzi. Barua ya kwanza haijajibiwa. Ya pili ataipeleka kwa miguu, na mumewe pamoja naye, ili waone magongo.

Anapoulizwa kama hasira imepungua, anachoma chepe ardhini.

"Ipungue iende wapi? Wananiambia sina cheti, nisiaminiwe. Sawa. Atakayeshuka humu hana haja ya kuniamini. Ataona kwa macho yake."