Wageni Niliowaweka Kando ya Vyoo

Kambi yetu ya Uroa haina vyumba. Watu wanakuja na nyumba zao wenyewe: magari yenye hema juu ya paa, matrela yenye vitanda na jiko, malori madogo yaliyogeuzwa sehemu ya kulala. Wanavuka na meli ya magari kutoka Dar es Salaam, wanashuka bandarini Malindi, mjini Unguja, wanakikata kisiwa mpaka pwani ya mashariki. Sisi tunawapa kivuli cha mivinje, maji ya bomba, umeme, bafu na choo. Wenyewe ni mimi na kaka yangu. Yeye ni fundi wa umeme na maji. Mie nilikuwa karani mjini, nikastaafu mapema, na kwa vile nilijua Kiingereza, kazi ya kupokea wageni ikawa yangu.

Nimeandika "kupokea", na mkono umesita. Kwa miaka mingi sikumpokea mtu. Nilikuwa nikiwakaribisha niliowajua, na wengine nikiwavumilia.

Wateja wetu wa zamani walikuwa familia saba. Walikuja kila mwaka masika yakisha, wakakaa wiki tatu au nne, wakajuana mpaka majina ya wajukuu. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Mbele kabisa, panapopiga upepo wa bahari, palikuwa pa daktari mmoja mstaafu wa Dar es Salaam, mwenye trela jeupe. Nilipazungushia mawe manne makubwa niliyoyapaka chokaa, na hata akiwa hayupo sikuruhusu gari jengine lisimame pale. Nilijiambia kwamba ndivyo anavyotaka.

Saba hao wakawa wanapungua. Mmoja alifariki, mwengine macho yalimkataza kuendesha. Kaka yangu alinambia siku moja akiwa anafunga koki, "Dada, hawa wanakwisha. Tusipopata wapya, hapa tutapanda mihogo."

"Wapya watakuja wenyewe," nilimjibu.

Walikuwa wakija kweli. Walilala siku moja, mbili, kisha wakaondoka na tusiwaone tena. Nilisema hawana uzoefu, hawajui maisha ya kambi. Sikusema kwamba sisi tuliokaa kwenye banda la makuti na vikombe vya kahawa tulikuwa tukiwatazama wakipiga rivasi, wakikosea, wakitafuta bomba la maji, na hakuna aliyenyanyuka. Tulikuwa tukicheka. Si kicheko cha sauti, ni kile cha kutazamana. Mgeni akikiona, hajui afanye nini na uso wake.

Siku ninayotaka kuieleza, basi dogo la kijani liliingia baada ya sala ya alasiri. Rangi yake ilipakwa kwa brashi, mistari ya brashi ikionekana. Dirishani mlikuwa na mapazia ya kitambaa cha maua, yameshonwa vizuri. Aliyeendesha alikuwa mwanamume wa makamo, fundi wa kuchomea vyuma kutoka Morogoro, na pembeni yake mkewe, mwanamke wa umri wangu, amejitanda mtandio wa samawati. Yule bwana alikuwa ameng'oa viti vyote mwenyewe na kutengeneza kitanda, kabati na jiko. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona basi bovu tu.

Lilikwenda moja kwa moja mpaka mbele, kwenye mawe yangu. Yule bwana aliteremka, akalisogeza jiwe moja kwa uangalifu, akataka kuingia.

"Hapo pana mwenyewe," nilimpigia kelele kutoka bandani.

Alikuja mpaka nilipokaa, akanisalimia, akasema, "Samahani mama. Mke wangu alipenda pale. Kama mwenyewe hajafika, tunaweza kukaa siku mbili tatu, akija tunaondoka."

Daktari alikuwa hatakuja mpaka siku tisa zipite. Nilimwambia atafika wakati wowote. Akasogea mahali pa pili. Nikamwambia hapo pia pana mtu. Pa tatu vile vile. Mwisho nikamwonyesha kwa kidole kule nyuma, kando ya vyoo, ambako hata kivuli hakuna. Siku hiyo kambi ilikuwa na magari mawili tu.

Bandani nilikuwa nimekaa na mtu na mkewe, Wazungu wanaoishi Arusha, wateja wa miaka mingi. Basi lilipokuwa likirudi nyuma kwa mara ya nne, nilisema kwa Kiingereza kwamba leo tumeletewa gari la kubebea mbuzi wa harusi. Walicheka kidogo, nadhani kwa adabu. Nilisema kwa Kiingereza kwa makusudi, niwe pamoja na wao na wale wengine wasifahamu. Mwanamke wa mtandio wa samawati alikuwa amesimama hatua chache tu, akimwongoza mumewe. Aligeuka akanitazama. Hakukunja uso, alinitazama tu, kisha akaendelea kumwonyesha mumewe njia.

Alikuwa amesomesha Kiingereza shule ya msingi zaidi ya nusu ya umri wake. Hilo nalo nilikuja kuambiwa.

Baadaye yule bwana alikuja tena, ameshika ndoo. "Mama, maji machafu tunamwaga wapi?"

"Huko nyuma," nilisema. "Kila mtu anapajua."

Hakupajua, angepajuaje. Akamwaga kwenye mfereji wa maji ya mvua, na mie, ambaye sikuinuka kumwonyesha shimo, niliinuka kumgombeza.

Karibu na magharibi nilisikia hodi. Alikuwa mkewe, na sahani ameifunika kwa kawa. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina, umeiva vizuri, bado wa moto, harufu ya iliki imejaa banda zima.

"Nimekuleteeni kidogo," alisema. "Nimejaribu jiko letu kama linaivisha."

"Ahsante. Weka hapo."

Mbele yangu palikuwa na kiti kitupu. Kitupu si hasa, kilikuwa na mkoba wangu. Mgeni akisimama mbele yako na chakula mkononi, unatoa mkoba. Kitu hicho hakifundishwi, mtu anakuwa nacho tangu nyumbani. Mie nilizaliwa mjini, mtaa wa Amani, nikalelewa na mama ambaye hakuacha mtu asimame mlangoni hata akiwa amekuja kuuza ufagio. Niliuona ule mkoba. Niliona anauona. Sikuutoa. Akaweka sahani mezani, akasema usiku mwema, akaenda zake.

Mkate tuliula wote. Sahani ilibaki mezani mpaka asubuhi na makombo yake.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake wa mwani walipita mbele ya kambi kwenda kwenye mashamba yao baharini, kama kila siku. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wenzake, alisimama ghafla. Yule mgeni alikuwa amekaa mchangani peke yake, miguu ameinyoosha. Bibi yule alimwita kwa jina moja fupi, jina la utotoni. Mgeni akajibu "Naam" kabla hajageuka. Kisha akageuka, akasimama, wakakumbatiana, na wote wawili wakalia. Wengine waliweka chini vikapu vyao wakamzunguka. Nilimsikia akizungumza lafudhi ya kijiji kile, ile ambayo mie, mtu wa mjini, mpaka leo nikiijaribu wananicheka.

Nilimfuata mwanamke mmoja aliyekuwa akichukua kikapu chake. "Mnamjua?"

"Huyu wa hapa," alisema. "Aliolewa bara msichana kabisa. Nyumba ya babaake ilikuwa papa hapa."

"Hapa wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye mawe yangu ya chokaa. "Pale. Na hii mivinje kapanda yeye, babaake."

Kiwanja kile kilikuwa kimeuzwa mara mbili kabla hakijafika kwetu. Tulipokinunua hapakuwa na nyumba, palikuwa na mivinje na kisima kilichofukiwa. Sikuwahi kumuuliza mtu ni nani aliyekaa pale.

Uso uliniwaka. Nilikwenda bandani, nikaikuta sahani na makombo yake. Nikaiosha haraka. Kurudisha sahani tupu nisingeweza, nikapanga ndizi mbivu juu yake, nikaifunika kwa kawa, nikaenda kule nyuma kando ya vyoo. Yule bwana alikuwa akikunja kamba ya kuanikia nguo. Mkewe alikuwa ndani, akafungua pazia akashuka.

"Nimekuja kukutaka radhi," nilisema.

"Hakuna neno," alisema. "Mwenye pahala ndiye anayepanga."

"Msiondoke. Hamieni kule mbele, kaeni mtakavyo. Laiti jana ungenambia kama wewe ni wa hapa."

Alikuwa ameshaipokea sahani. Alinitazama kwa utulivu, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekaribia jibu akalikosa.

"Na kama ningekuwa si wa hapa?" aliniuliza.

 Nilisimama pale, jua likinipiga kichwani, na harufu ya choo niliyowaweka nayo usiku kucha ikinijia puani. Mumewe aliendelea kukunja kamba, akijifanya hasikii.

Swali lile ndilo lililoniumiza, na linaniumiza mpaka leo. Hata aibu yangu ilikuwa na upendeleo. Nilikimbia na ndizi zangu kwa sababu nimejua baba yake nani. Lau angekuwa mke wa fundi kutoka Morogoro tu, asiye na kaburi wala mvinje wa mtu wake Uroa, ningemwacha aondoke, jioni ningewasimulia wateja wangu habari za basi la kijani, na ningelala usingizi mzuri.

Walikuwa washapanga kwenda Kizimkazi, kusini ya kisiwa, kwa nduguye mume aliyeoa kule. Kabla ya kuondoka, mke aliniomba asimame pale mbele kidogo. Aliniomba ruhusa, mie. Nilimwambia aende. Alisimama katikati ya mawe yale, akainua mikono, akawasomea wazee wake Fatiha. Nilibaki mbali. Basi lilipotoka getini yule bwana alinipungia mkono.

Walipoondoka nilimwita kaka yangu tukayatoa mawe. Yalikuwa mazito, ilibidi tuyabingirishe. Alikuwa ameshasikia yote kwa wanawake wa mwani. Alikuwa na haki ya kunisema na hakunisema. Alilisukuma la mwisho mpaka nyuma ya banda, akarudi kwenye mabomba yake.

Daktari alifika siku ya tisa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilimweleza kwamba hapana tena mahali pa mtu, atakayefika mwanzo ndiye atakayechagua, na pale mbele pameshachukuliwa na vijana wenye hema. Aliegesha trela lake chini ya mvinje mwengine, akaja bandani, akakaa.

"Yale mawe," alisema, "siku zote nilitaka kukuuliza. Nilidhani ni mpango wako. Nilikuwa naona haya, watu wakinipita kama mfalme."

"Hukuyataka?"

"Mimi nilikwambia mara moja tu kwamba pale pana upepo."

Kumbe hata kisingizio changu hakikuwa na ukweli. Miaka yote hiyo nilimfanya mtu mpole awe sababu ya ubaya wangu, na yeye hana habari.

Kambi haikufa. Si kwa ajili ya jambo kubwa. Gari likiingia, ninanyanyuka. Ninakwenda mpaka getini kwa miguu yangu, ninasalimia, ninawauliza wametoka wapi na kama wamekula. Ninawaonyesha bomba, soketi, shimo la maji machafu, hata wakisema wanajua. Mtu akipiga rivasi, mmoja wetu anasimama nyuma kumwongoza. Jioni ya kwanza mgeni anakaa nasi bandani, na yule mke wa Arusha ndiye anayemmiminia kahawa. Alinambia kwamba siku ya basi la kijani hakulala vizuri, na kwamba alitamani mmoja wetu angesema kitu. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake. Sasa wanarudi, wanaleta ndugu zao, na wengi ni watu wa humu humu nchini.

Nilimpigia simu yule mwalimu wa basi la kijani mara mbili, kwa namba waliyoiacha kwenye daftari la wageni. Mara ya kwanza alipokea mumewe, akasema mkewe yuko msibani. Mara ya pili alipokea mwenyewe, tukaulizana hali, akasema Mungu akipenda watakuja. Hawajaja.

Mwaka uliofuata waliingia kijana na mkewe, maarusi, kwenye gari dogo lenye hema jipya ambalo hawakujua hata kulifungua. Tulihangaika nalo pamoja, mie na kaka yangu na wao, mpaka likasimama. Yule mke aliniambia walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja wa Morogoro, ndiye aliyewaelekeza.

"Alitwambia tukija Unguja tulale hapa," alisema. "Alisema kuna mama atatupokea vizuri, kama alivyompokea yeye."

Nilikuwa nimeshika kigingi cha hema. Ningeweza kunyamaza, na sifa ile ingekaa juu yangu bila mtu kujua.

"Mie sikumpokea," nilimwambia. "Kaa nkwambie nilivyomfanyia."

Tukakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote, gari la mbuzi na mkoba kwenye kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akauliza wapi pa kumwaga maji machafu, nikanyanyuka kwenda kumwonyesha.