Templeti ya Mama Sue

Ukiuliza Rahab hapa Bondeni, Nakuru, utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Mama Sue wa barua, utaletwa hadi mlangoni. Alikaa miaka ishirini na moja nje ya korti na taipureta yake, akipigwa na jua na kufukuzwa na askari wa kanju, wale wa manispaa. Mwaka wa 2007 magoti yakagoma, akaja kukodisha meza kwenye duka letu la vitabu na karatasi. Mimi ni Nazneen. Duka ni la baba yangu, mdomo wangu hauna breki, na hii hadithi itaniuma mimi kabla haijamuuma mtu mwingine.

Mama Sue alikuwa na wazimu mmoja: tarehe. Mteja hajakaa, tarehe ishapigwa. "Barua haina tarehe? Huo si ni umbea tu," angesema, huku amekukazia macho juu ya miwani. Aliponunua kompyuta ya mitumba, ni mimi nilimfunza. Ebo, tuligombana! Alikuwa anaishika ile mausi kama mwiko wa ugali.

Halafu ikaja Februari 2008. Uwanja wa Showground ulikuwa umejaa watu waliochomewa nyumba kwenye vurugu za uchaguzi. Wengine wao walitoka shamba moja huko upande wa Molo, shamba la mzungu wa zamani ambalo wazee walinunua kwa hisa na hata hati hazijatoka. Kamati ya shamba ikabandika notisi: kila mwanachama aliyetoroka aandike barua kwamba hajaacha ploti yake, ifike kabla Februari haijaisha. Asiyeandika, ploti inapewa mwingine. Eti mtu analala kwenye hema, na anadaiwa barua!

Wakaja kwa Mama Sue. Barua ni ileile, kinachobadilika ni jina, namba ya hisa na namba ya ploti. Yeye alikuwa anaiandika upya kila mara, kutoka juu hadi chini, kama zamani. Nilivumilia watu sita, nikashindwa.

"Mama Sue, utajimaliza. Songa nikutengenezee templeti."

"Ni nini hiyo?"

"Ni barua tupu. Ukitaka mpya inakuja imejipanga, wewe unajaza mapengo tu."

"Na tarehe?"

Chai yangu ilikuwa inachemka huko nyuma, wallahi nakumbuka harufu yake. Nikafungua pale pa tarehe, nikaona kisanduku kidogo kinachosema ijibadilishe yenyewe, nikakitia tiki. "Tarehe itajiweka kila siku, hata usiguse."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Heh! Hii hata korti hawana."

Mzee Wanyoike alikuja Jumatano, tarehe ishirini. Ploti 118. Nyumba imeungua, ng'ombe wameenda, miwani pia imeungua. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa anataka, na alikisema bila kuulizwa: mke wake amezikwa kwenye hiyo ploti, mwaka wa pili huu, na hawezi kumwacha kwa mtu asiyemjua. Mama Sue akajaza mapengo, akamsomea kwa sauti, mzee akaweka sahihi. Akapata lifti ya lori hadi shambani. Ofisi ya kamati ilikuwa imefungwa, akamwachia bawabu.

Aprili orodha ya walioandika ikabandikwa. 118 haipo. Bawabu alishaacha kazi, na bahasha hakuna aliyeiona. Kamati ikasema, sawa, mwenye kopi ya barua aliyoandika kwa wakati ailete.

Mama Sue alifurahi kweli. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Mimi sifuti barua ya mtu." Akaitafuta, akaifungua, akachapisha, akaikunja mara tatu na kuitia kwenye bahasha. Mimi ndiye nilimpa bahasha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia juu kule kulia.

Iliandikwa tarehe kumi na nne Aprili, siku ileile tuliyoifungua.

Kamati wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Mzee akarudi amenyong'onyea. Mama Sue alipoiona hiyo tarehe alikaa chini polepole. Halafu akafanya kosa la pili, kwa kuharakisha: akaifuta tarehe, akapiga ishirini Februari mwenyewe, akachapisha nyingine, mzee akaipeleka. Sasa kamati ikawa na barua mbili za mtu mmoja, maneno yaleyale, tarehe tofauti. Wakaita kikao.

Tulienda sote watatu. Mimi nilibeba karatasi niliyochapisha kutoka kwenye kompyuta, inayoonyesha siku faili lilipoanzishwa. Mwenyekiti hakuisoma hata nusu. "Saa ya kompyuta si unairudisha tu nyuma?" Na kweli, unaweza. Nilimwambia ni mimi niliyeweka ile tiki, nikapiga kelele hata. Akaniuliza nina hisa ngapi. Sina. "Basi mama, kaa nje."

Nikasimama mlangoni. Akamgeukia Mama Sue.

"Hii barua ukiifungua kwenye kompyuta leo, itasema ni tarehe gani?"

Angedanganya! Moyoni nilikuwa namwomba adanganye. Lakini huyo ni Mama Sue.

"Itasema ya leo," akajibu.

"Na kesho?"

"Ya kesho."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka na vikao. Mama Sue alijaribu kueleza templeti ni nini, mapengo, kisanduku, akachanganyikiwa katikati. Miaka ishirini na moja ya barua, na hakupata neno moja la kumsaidia yule mzee. Ploti 118 ikaenda kwa mtu wa kwanza kwenye foleni.

Tukarudi Nakuru. Tulipofika dukani nikamwambia mzee, "Nisamehe, kosa ni langu." Akanitazama tu kwa upole, nafikiri hakunielewa. Mama Sue naye alikuwa anasema ni lake. Tulikuwa tunanyang'anyana hilo kosa, na lisingemrudishia mzee hata hatua moja ya shamba.

Mzee akavuta kiti akaketi mbele ya meza ya Mama Sue.

"Mama, niandikie ingine," akasema. "Kwa huyo mwenye ploti sasa. Mwambie sitaki kitu. Naomba tu aniruhusu niingie mara moja kwa mwaka, nipalilie kaburi."