Namba Moja Juu Yangu

Mdogo wangu ni mkubwa wangu kazini, na jambo hilo sijalizoea mpaka leo. Nalisema mapema ili mtu asidhani naelekea kwenye hadithi ya kusameheana.

Sisi wawili ni marubani. Katika kazi yetu ukubwa hauji kwa mvi, wala kwa akili, wala kwa saa ulizokaa hewani. Unakuja kwa siku uliyoingia kampuni. Siku hiyo unapewa namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua nani apande kuwa kapteni kwanza, nani achague likizo kwanza, na mambo yakiharibika nani arudishwe nyumbani kwanza. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Ukihamia kampuni nyingine, namba yako unaiacha mlangoni na kuanza tena mkiani, hata kama una upara. Ndiyo maana rubani huchagua kampuni kama mtu anayechagua mke: akikosea, kuacha kunauma na kukaa kunauma.

Mimi na mdogo wangu tuliingia kampuni moja, asubuhi moja, kupitia mlango mmoja. Wanaoingia siku moja hupangwa kwa umri, mkubwa mbele. Nilipoelezwa hivyo nilitulia kabisa, maana kifungua mimba wa mama yangu ni mimi. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwa juu na langu chini yake.

Kosa halikuwa la kampuni. Lilikuwa la baba.

Baba alikuwa askari, dereva kwenye chuo cha maafisa wa jeshi pale Kimaka, Jinja. Nyumbani tuliongea Kiswahili, na watoto wa mtaani walituogopa bure, kwa sababu wazazi wao walikijua Kiswahili kama lugha ya kuulizwa kitambulisho na askari barabarani. Mimi nilipenda mpira kuliko vitabu, nikarudia darasa mara mbili, mpaka mwalimu mkuu akasema hawezi kunipokea tena na umri ule. Baba hakubishana naye. Alivaa sare yake, akaenda ofisi anayoijua yeye, akarudi na cheti kipya cha kuzaliwa kilichonipunguzia miaka mitatu. Mdogo wangu nilimzidi miwili.

"Sasa umefanya mukubwa kuwa mudogo ya mudogo yake," mama alisema.

"Karatasi haijui nani alinyonya kwanza," baba akajibu, akaendelea kufungua kamba za buti.

Nikaketi darasa moja na mdogo wangu, na huko ndiko wivu wangu ulikoanzia, kwa sababu yeye alikuwa na kichwa chepesi na mimi nilikuwa na miguu mirefu tu. Lakini miaka ile cheti hakikunisumbua. Tulipopelekwa kwetu Mbale kutahiriwa, kama ilivyo desturi ya Wagisu, nilisimama mimi kwanza mbele ya kisu na yeye akanifuata. Wazee hawakuuliza cheti. Kila mtu alijua nani ni nani.

Tulisomea urubani pamoja, tukarusha vindege vidogo vya watalii miaka kadhaa, kisha zikaja nafasi mbili kwa wakati mmoja. Kampuni ya kwanza ilikuwa kubwa, ya ndege za jeti, yenye foleni ndefu. Ungeweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, mpaka watoto wako wamalize shule. Ya pili ilikuwa changa, ndege chache za pangaboi. Huko mtu angekuwa kapteni upesi, kama kampuni yenyewe haingekufa upesi zaidi.

Tulijadili barazani Nabuyonga, Mbale, kwenye nyumba ambayo baba alitujengea alipostaafu na ambako mama amebaki peke yake tangu baba alipofariki. Mdogo wangu aliitaka ile changa.

"Mi nataka kiti cha kushoto, mukubwa," alisema. "Nitakaa kulia mpaka lini?"

Nilimpa hotuba ndefu. Nilimwambia bora nusu shari kuliko shari kamili, na kwamba kampuni kubwa ikiyumba inayumba taratibu. Yote yalikuwa kweli. Ila ukweli mwingine, ambao sikuuweka mezani, ni kwamba nilimwona tayari akiwa na mistari minne ya kapteni begani, mimi nikiwa na mitatu.

Alinisikiliza kwa heshima. "Basi tuende pamoja," alisema. "Wewe ndiye mukubwa."

Ndipo ikaja ile orodha. Nilifikiria kwenda kusahihisha umri wangu, nikaacha. Ningewaelezaje kwamba leseni, pasi na vyeti vyangu vyote vinasema uongo tangu nikiwa shule ya msingi? Rubani akishakutwa na uongo mmoja, hakuna anayesubiri wa pili.

Mtu asiyefanya kazi hii atasema namba moja ni kitu gani. Namba moja ni Krismasi. Kila Desemba nafasi za likizo zilikatika kwake, kana kwamba aliyepanga ratiba alikuwa na ugomvi na mimi. Yeye anakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa njugu Mbale, mimi nashusha abiria waliobeba zawadi za watu wengine. Zilipokuja safari nzuri, alichagua, nikaokota alichoacha. Na hakuwa na majivuno, hilo ndilo lililonichosha. Angeringa ningemchukia nikapumzika. Badala yake alinifariji: "Wewe utastaafu nyuma yangu, afande. Una miaka ya kuruka bila mimi." Aliyasema hayo akicheka, na mimi nilicheka, na usiku nilipiga hesabu nikaona ni kweli, nikakasirika zaidi.

Siku moja mama alituchinjia kuku. Kwetu firigisi haigawanywi, inakwenda kwa mwanamume mkubwa wa nyumba, na mama aliiweka kwenye sahani yangu bila kuangalia mtu.

"Mama, kazini hiyo ingekuwa yangu," mdogo wangu akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Niliitafuna ile firigisi muda mrefu sana. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani aliwahi kusema ukifanye nini kama unakipenda?

Kisha biashara ikadorora. Wenye ndege zilizokodishwa wakazichukua mbili, na tangazo likatoka: marubani wa mkiani wataenda likizo bila mshahara, na watarudishwa kwa namba hali ikiwa nzuri. Haikusemwa lini. Rubani asiporuka miezi kadhaa, leseni yake inaanza kulegea mkononi, na kampuni nyingine zinamtazama kama mkate wa juzi. Nilisoma majina kutoka chini kwenda juu. Jina la mwisho la wanaoondoka lilikuwa langu. Jina la kwanza la wanaobaki lilikuwa lake.

Nakumbuka nilivyorudi Jinja siku hiyo, nikakaa uani bila kuvua sare. Mke wangu ni muuguzi. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wasiosema panapouma. Tulikuwa na watoto wawili. Nilipaswa kuwafikiria wao. Nilichofikiria ni kile cheti na baba akifungua kamba za buti, na kwamba mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu tangu siku ya kwanza.

Mama alipiga simu. "Mwambie akupishe. Wewe una watoto, yeye hana hata bibi."

"Siwezi kumwomba, mama."

"Kwa nini?"

Ningependelea kufukuzwa kuliko kumwomba.

Sikulazimika. Wiki hiyo hiyo alikuja Jinja, akanywa chai ya mke wangu, akawauliza watoto habari za shule, na aliponyanyuka kuaga ndipo akasema, kama mtu aliyesahau mwavuli: "Ofisini wanakubali mtu kujitolea kwenda likizo. Nimeomba. Mstari umeshuka kwa mtu mmoja, afande. Unabaki."

Mke wangu alilia. Mimi nilisema asante, neno kavu, likatoka kama mfupa wa samaki. Alipoondoka nilijaribu kufurahi nikashindwa, na nilijua sababu. Kwetu kutoa ni kazi ya mkubwa. Mdogo hupokea na kushukuru. Namba niliweza kusema ni ya karatasi, kosa la baba. Lakini hili la kutoa alilitwaa mwenyewe, na hakuna ofisi ningekwenda kulisahihisha.

Nikaruka. Yeye akakaa Mbale kwa mama miezi michache, kisha ile kampuni changa ya pangaboi, ambayo nilitabiri itakufa, ikamwita. Haikuwa imekufa. Mwaka haukuisha akawa kapteni. Mama aliitundika picha yake sebuleni, mistari minne, na mtu yeyote aliyeingia kuomba hata chumvi alionyeshwa.

Halafu kampuni yetu ikapata nafuu, barua za kuwarudisha watu zikaanza kutoka, na ya kwanza ilikuwa yake. Alinipigia akasema anataka ushauri wangu, atakuja Jumamosi. Arudi, au abaki?

Siku hizo sikulala vizuri. Akirudi, atakuwa namba moja juu yangu mpaka astaafu. Akibaki, namba yake nitaichukua mimi, lakini yeye atakaa kushoto na mimi kulia, na picha itabaki ukutani. Niligundua ningeweza kuvumilia namba moja kuliko mistari minne. Na hoja za kumrudisha zilikuwepo, nzito, za kweli: kampuni kubwa, pensheni, jeti. Ningezisema kwa sauti ya kaka mwema na hata mama angenisifu. Nilizipanga zote kichwani. Kisha Ijumaa jioni nikazipangua. Sijui niseme nini kingine, nilizipangua tu, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kutua na upepo wa ubavuni.

Alipokuja Jumamosi sikumpa hata nafasi ya kuketi vizuri. "Baki huko," nilimwambia. "Kiti cha kushoto ulikitaka tangu mwanzo, na ukapoteza miaka kwa kunifuata mimi. Usirudi."

Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa. "Asante, mukubwa. Nilishasaini nao kubaki tangu Jumatano."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Ningebakije bila kukuuliza? Wewe ndiye mukubwa."

Aliyasema bila mzaha, mikono yote miwili imeshika kikombe, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa baba. Mimi nilikuwa nimepigana na roho yangu wiki nzima, na yeye heshima ile ilimtoka bila jasho. Nikamwonea wivu kwa hiyo pia.