Korongo Waliokufa Kifudifudi

Nimewalisha korongo taji wa bustani ile ya ndege, nje kidogo ya Tamale, tangu mume wangu afariki. Shemeji yangu Neindow, mlinzi wa geti, ndiye aliyenitafutia kazi, na ndiye aliyetaka kunimaliza.

Mara tu walipobadilisha uzio, korongo mmoja alikufa kifudifudi, uso mchangani. Kwetu mwanamke akishutumiwa uchawi huchinjwa kuku. Kuku akifa chali, umesalimika. Akifa kifudifudi, unapelekwa kambi ya wachawi, na huko harudi mtu. Basi Neindow aliutazama mzoga, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyu hata kuchinjwa hakungoja."

Wenzake wakacheka.

Wa pili akafa vilevile. Mke wa mwanangu akaacha kula tuo, ugali wetu, niliousonga mimi, na kila mjukuu wangu akinisogelea, mama yake anamwita arudi. Nikafunga kibunda changu nikakiweka nyuma ya mlango, maana wakija kukuchukua hawakupi nafasi hata ya kutafuta kitambaa cha kichwa.

Wa tatu alipoanza kuyumba, Daktari Lamisi, anayetibu ndege wetu, alimtoa damu, akaipeleka Accra ikapimwe sumu na madini. Mimi ndiye niliyemshika korongo. Moyo wake ulipiga kifuani mwangu, na wangu ukipiga kuliko wake. Nikamwomba kimoyomoyo: usife, na kama ni lazima, ufe chali.

Majibu yalipokuja, daktari alituita sote getini. Damu ilikuwa imejaa zinki, akasema, madini yanayopakwa kwenye waya usishike kutu. Mafundi wa uzio walikata waya wakaacha vipande chini. Vinang'aa, korongo wakavimeza. Vipande alivyomtoa yule wa tatu tumboni vilikuwa kiganjani mwa daktari, tukavishika.

Neindow alivigeuzageuza vidoleni. Nikangoja aniombe radhi.

"Sawa, Daktari, ni waya," akasema. "Na nani aliwatuma wameze?"

Safari hii hakucheka mtu, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Korongo yule alipona. Kibunda changu bado kiko nyuma ya mlango. Kila asubuhi naingia bandani kabla ya wenzangu, na nikikuta ndege amekufa, hata awe kanga tu, kabla sijamwita daktari namgeuza chali.