Mchele wa Wavuvi Peke Yao

Kipindupindu kilipoingia Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, vita vilikuwa bado vinaunguruma milimani juu yetu. Serikali ikafunga ufuko: hakuna kuvua, hakuna kuanika, hakuna kuuza samaki. Hilo sikulipinga, maana jirani yetu tulimzika wiki ile ile. Kilichonichoma ni kilichofuata.

Mimi na mama tulikuwa tukinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, wabichi alfajiri, tunawaanika mchangani, kisha tunawauza kwa wanawake waliotoka Bujumbura. Baba alikuwa ameuawa vita vilipoanza. Ndagala ndio waliotulisha, mimi na wadogo zangu.

Ikatangazwa kwamba waliosimamishwa kazi watapewa mchele na maharage. Mama akajifunga kitenge chake kizuri, tukaenda komini, ofisi ya serikali ya pale kwetu. Shefu, mkubwa wa ofisi aliyekuwa akigawa, hakumwangalia hata usoni.

"Mama, hii iko ya wavuvi."

"Na ndagala wa wavuvi nani anawaanika?"

"Nyinyi munasaidia tu. Ile si kazi. Lete mwanaume wa nyumba."

"Mwanaume wangu iko kwenye kaburi. Nimulete?"

Wanaume waliopanga foleni wakatazama chini. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akituuzia samaki. Akajitwika gunia lake, akatupita bila hata salamu ya amahoro.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mama hakulia. Alikwenda akaketi kwenye mlango wa stoo ya chakula, miguu ameinyoosha. Nikaketi naye. Wakaja wenzake wa ufukweni, mmoja mmoja, mpaka mlango ukazibika. Askari alikuja na bunduki yake, akatutazama, akarudi kivulini. Kuwaruka wamama wa watu kulimshinda.

Jua lilipokuwa kali shefu akachoka. "Haya, wapeni yaliyobaki!"

Yaliyobaki yalikuwa gunia moja la maharage yaliyotobolewa na wadudu, la wanawake wote. Tuligawana kwa kopo palepale chini.

"Murakoze, shefu," mmoja wetu akasema.

"Usimushukuru!" mama akamkatiza.

Ufuko ulipofunguliwa wavuvi walirudi ziwani. Sisi mtaji wetu tulikuwa tumeshaula. Mama akaanza kuwabebea watu madumu ya mawese kichwani hadi sokoni, shingo ikaumia, wala haikupona tena. Watu wakawa wanampa pole, wanasema ni vita. Vita vilimuua baba, ndiyo. Njaa ile tuliletewa na mtu aliyekaa kwenye kiti, tumbo limejaa, akatuambia hatufanyi kazi.