Cheti cha Moto na Mama wa Kwaya

Wiki jana nilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, siku mkaguzi wa zimamoto alipofika kutoka Lilongwe kukagua kanisa jipya la matofali. Bila cheti chake, waumini, wengi wao kutoka Kongo, wangeendelea kusali chini ya hema. Mitungi ya kuzimia moto aliipenda, milango miwili akaipenda zaidi. Likabaki jaribio moja: akipiga filimbi, wote watoke.

Filimbi ikalia. Vijana wakachomoka. Mama wa kwaya wakasimama, wakanyoosha vitenge, wakaanzisha wimbo, kisha wakatoka kama watokavyo kila Jumapili: hatua mbili mbele, moja nyuma. Mlango ukajaa.

"Waambie wameshaungua!" mkaguzi akasema kwa Kichewa. Mchungaji akatafsiri.

Kiongozi wa kwaya akakaza kitenge kiunoni. "Tulikimbia Fizi, tukakimbia Uvira. Mu nyumba ya Mungu hatutakimbia tena, papa."

Mchungaji alisita, kisha akatafsiri hilo nalo. Mkaguzi akavua kofia, akajikuna kichwa. Maofisa wengi ninaowajua wangerudisha kalamu mfukoni. Huyu akauliza, "Hawana wimbo wa haraka?"

"Iko wa mavuno!" mama wakajibu pamoja mchungaji alipotafsiri.

Wakarudi ndani. Filimbi ilipolia tena, walitoka kwa wimbo wa mavuno, wakawapita vijana mlangoni, na mkaguzi akaruka pembeni wasimkanyage. "Zikomo," akashukuru akihema, akatia sahihi.

Cheti sasa kimetundikwa karibu na mlango. Chini yake mama wamebandika jina la ule wimbo, moto usije ukazuka kwaya ikaanza na mwingine.