Mti Alioukata Mama Mkwe

Mume wa mpwa wangu tunamwita Msumeno, ingawa msumeno aliuweka chini zamani. Alipasua mbao mpaka chemchemi ya msitu ikakauka, akaona haya, akajiunga na kikundi cha kuulinda. Wakamfanya mlinzi, nani atamjua mwizi kuliko yeye? Wazo hilo lilikuwa langu, kama yalivyo mawazo mengi mazuri hapa kwetu.

Kazi yenyewe ni kuchoka tu. Asubuhi azunguke msitu, mchana amwagilie miche, jioni atukanwe na waliokosa kuni. Na miche ya asili haina haraka: unainywesha mwaka mzima, inakufika gotini.

Juzi akasikia panga. Akanyata, akamkuta mama mkwe wake, yaani dada yangu mimi, amekalia mti mbichi alioukata, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nguzo ya jiko imeliwa na mchwa. Au unataka linifukie na sufuria zangu?"

Msumeno akakuna kichwa. Akimshtaki, nyumbani hapalaliki. Akimwacha, kesho kila mtu ataingia na panga lake, na msitu ndiyo basi tena.

Mimi ningeyamaliza kwa maneno mawili, lakini sikuwepo. Yeye maneno hana. Akajitwika mti begani, akakatiza nao katikati ya soko mpaka kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mkwe nyuma, kajifunika mtandio.

"Umekatwa kwenye zamu yangu. Adhabu nipeni mimi."

"Nani kaukata?"

"Nimesema ni zamu yangu."

Soko zima lilishaona nani yuko nyuma. Kikundi kikampa kuchota maji ya miche kiangazi chote. Mti wakabaki nao. Jioni ile akang'oa nguzo ya lango lake, akaenda kulishikiza jiko la mkwewe. Sasa mbuzi wa jirani wanaingia kwake watakavyo.

Jana nikakutana naye msituni na ndoo mbili, mabega yamelegea.

"Mwanaume mzima unachoshwa na maji?" nikamcheka.

"Mjomba, nilichoka kabla ya maji."

Nyuma yake dada yangu akaja na ndoo kichwani. "Kaka, meno hayo hayachoti maji. Shika hii!"

Nikaishika, na niliishika vizuri. Akachota kata moja, akaimwaga kwenye kisiki cha mti alioukata. Pembeni kilikuwa kimetoa chipukizi moja, dogo kama ulimi wa mbuzi.

"Nacho kinywe," akasema, bila kumtazama mkwewe.

Msumeno alikuwa ameketi chini, macho kayafumba.